Sinza ilifeli au ilifaulu? Mtaa mmoja, tafiti mbili, miaka 30 katikati

Nianze na kilichonifanya niandike hii kitu. Nilipokuwa nasoma masta ya mipango miji nilipeleka propozali yangu kwa supavaiza, kurasa 12, nimejipanga mpaka shati la mikono mirefu nimepiga pasi, nataka kuandika kuhusu kufeli kwa mradi wa miaka ya 70 wa kupima na kugawa viwanja vya Sinza. Mzee akasoma kurasa mbili akavua miwani akaniuliza, "Kijana, wewe unakaa wapi?" Nikamwambia Sinza Prof, nimepanga huku upande wa Kwa Remmy. "Kodi?" Nikamtajia. Akacheka mpaka akakohoa, halafu akasema, "Kwa hiyo mtaa uliofeli ndo unakutoza hela yote hiyo?"

Nilitoka pale nimekasirika kiukweli, kwa sababu mimi sikuitunga hiyo habari ya kufeli, niliisoma. Imeandikwa, tena na watu wazito. Ila lile swali la kodi halikunitoka kichwani na mwisho wa siku ndo lililobadilisha utafiti wangu wote, kwa hiyo naomba niweke kisa kizima hapa, maana naona kila mwaka wanafunzi wanarudia kosa langu lile lile.

Kwa wasioijua Dar: Sinza ipo kati ya Barabara ya Morogoro na Mwenge, Shekilango inaipasua katikati. Imekatwa kwa bloku, barabara zimenyooka, mtu akikuelekeza nyumba unafika. Ukishuka upande mmoja unaingia Tandale, ukienda upande wa Morogoro Road unakutana na Manzese. Siku moja nilitembea kwa mguu toka Sinza mpaka katikati ya Tandale nikihesabu hatua, na naapa hakuna bango wala geti linalokwambia umevuka, lakini unajua. Barabara inasinyaa inakuwa njia, njia inakuwa uchochoro, mara unapita uani kwa watu unasema hodi samahani mama napita tu, mara umesimama kwenye ukingo wa Mto Ng'ombe na hujui umefikaje. Dakika kumi nyuma ulikuwa kwenye kona ya baa yenye parking.

Sasa huo mpaka haukuja wenyewe. Turudi nyuma kidogo.

Baada ya uhuru serikali ilianza na sera ya kubomoa vibanda na kujenga nyumba mpya, ndo kazi mojawapo iliyofanya Shirika la Nyumba la Taifa liundwe 1962, Magomeni ni mfano mzuri. Shida ni hesabu tu. Unabomoa nyumba moja yenye familia sita unajenga moja, mji haujaongezeka hata chumba, na watu wanaingia kila siku. Sensa ya 1967 Dar ilikuwa na watu laki mbili na sabini elfu na ushee, ya 1978 mkoa umeshafika laki nane na arobaini. Hakuna serikali ya nchi maskini inayoweza kumjengea kila mtu nyumba kwa spidi hiyo, na mwanzoni mwa miaka ya 70 hilo likakubalika, bomoa-bomoa kama sera ikawekwa pembeni.

Kilichokuja badala yake kilikuwa wazo lililokuwa linazunguka dunia nzima kipindi kile, Benki ya Dunia ya enzi za rais wake McNamara wakilipigia debe: usimjengee mtu nyumba, mpe kiwanja kilichopimwa, mchongee barabara, mvutie bomba la maji, nyumba atajenga mwenyewe kidogo kidogo kadri anavyopata. Viwanja vyenye huduma. Na kwa wale ambao tayari wamejenga holela, usiwabomolee, wapelekee barabara na maji hapo hapo walipo. Kwa hiyo mradi ulikuwa na miguu miwili, mmoja ardhi tupu, mwingine skwota zilizokuwepo. Ulianza katikati ya miaka ya 70 na ukaendelea mpaka mwanzoni mwa 80, ukagusa miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Kwa Dar awamu ya kwanza ardhi tupu ilikuwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na skwota iliyoboreshwa ilikuwa Manzese, ambayo kipindi kile ilikuwa inatajwa kama makazi holela makubwa kuliko yote mjini.

Viwanja vya kawaida vya mradi vilikuwa vya mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288. Shikeni hiyo namba, nitairudia. Benki ya Nyumba, THB, iliyoanzishwa 1973, ndo ilikuwa ya kukopesha watu wajenge. Na walengwa waliandikwa wazi kabisa: watu wa kipato cha chini. Baadhi ya viwanja vilikusudiwa hata kwa familia za Manzese ambazo nyumba zao zingevunjwa kupisha barabara.

Haya. Utafiti wa kwanza.

Mwaka 1991 Profesa Lusugga Kironde, ambaye kila aliyepita kwenye masomo ya ardhi nchi hii amemsoma atake asitake, alichapisha makala kuhusu maeneo haya haya matatu, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Ukiisoma huwezi kutoka na furaha. Viwanja vilivyokusudiwa kwa maskini, sehemu kubwa vimeangukia kwa watu wa kipato cha kati na cha juu. Vingine zaidi ya miaka kumi tangu vigawiwe bado havijajengwa. Na ukiweka pembeni yake kumbukumbu za mradi wenyewe, marejesho ya gharama yalikuwa mabaya, watu hawalipi, na zile huduma zenyewe zinachakaa bila mtu wa kuzitengeneza.

Mimi hapo ndo niliposimama. Nikasema imeisha hiyo, mradi umefeli, naenda kuandika kwa nini. Na sikuwa peke yangu, maana katikati ya miaka ya 80 wafadhili wenyewe walishaanza kuachana na aina hii ya miradi na sababu zilikuwa hizo hizo: hela hairudi, maskini hapati, viwanja vinalala.

Lakini supavaiza alinilazimisha nifanye zoezi moja la kijinga kweli kweli. Aliniambia chora mstari wa miaka, weka mradi hapa, weka utafiti wa Kironde hapa, halafu andika katikati ni nini kilitokea nchini. Nikaanza kuandika na kalamu ikawa haisimami. 1972 madaraka mikoani, halmashauri za miji zikafutwa, hazikurudi mpaka 1978, kwa hiyo huo mradi ulianza kutekelezwa kipindi ambacho jiji halina hata baraza lake la kukusanya kodi na kuziba mashimo. 1978 na 79 vita ya Kagera. Halafu ile hali ya mwanzoni mwa 80 ambayo wazazi wetu wakiisimulia tunadhani wanatia chumvi, sabuni kwa foleni, unga kwa foleni, saruji ndo usiseme. 1983 msako wa wahujumu uchumi, watu wanatupa mali mitoni. Sasa niambie, mtu kapewa kiwanja 1977, mshahara wa karani, saruji haipo madukani na akiipata kwa mlango wa nyuma anaogopa kukamatwa nayo, atajenga na nini?

Nilikuja kumpata mzee mmoja Sinza, mstaafu, kiwanja chake alipewa kipindi hicho, nikamwuliza kwa adabu zote shikamoo mzee, ilikuchukua muda gani kumaliza nyumba? Akanijibu, "Marahaba. Nani kakwambia imeisha?" Akanionyesha nondo zimechungulia juu ya slabu. Chumba cha kwanza alihamia 1986 hakina sakafu, plasta alipiga baada ya mkewe kuanza kuuza vitenge, ghorofa kaanza mtoto wake juzi juzi hapa. Miaka arobaini na zaidi na bado anajenga, na hana haraka!

Kwa hiyo Kironde alidanganya? Hapana jamani, hata kidogo. Alichokiona 1991 kilikuwepo. Ila alipima mwishoni mwa muongo mbaya kuliko yote kwa mtu yeyote aliyekuwa na kiwanja na tofali, na yeye swali lake kuu lilikuwa NANI kapata. Hilo swali jibu lake halijabadilika mpaka leo, nitarudi hapo.

Utafiti wa pili ulitoka 2021 kwenye jarida kubwa la wachumi, Journal of Political Economy. Guy Michaels wa London School of Economics na wenzake watano walichukua ile miji yote saba, wakatafuta mipaka ya miradi kwenye ramani za zamani, wakapata picha za setilaiti za miaka ya 2010 pamoja na data za nyumba zilizokusanywa chini, wakauliza swali tofauti kabisa: miaka zaidi ya 30 baadaye, pale palipopimwa kabla ya watu kuingia pakoje ukilinganisha na jirani yake ambapo hapakupimwa?

Uzuri wa ile kazi upo kwenye huyo jirani. Ukilinganisha Sinza na Manzese unadanganya, kwa sababu Manzese ilishajaa watu wakati Sinza ni mashamba na vichaka. Ukilinganisha Sinza na Masaki kwa matajiri ndo kabisa umechanganyikiwa. Wao wakachukua vipande vya ardhi vilivyopakana na mradi ambavyo NAVYO vilikuwa vitupu wakati ule, havina watu, udongo ule ule, umbali ule ule toka mjini, tofauti pekee ni kwamba mstari wa mpimaji uliishia kabla haujavifikia. Halafu watu wakaja wakajenga pande zote mbili. Yaani ni kama una mapacha, mmoja umempeleka shule mwingine hukumpeleka, unarudi baada ya miaka 30 kuangalia.

Na tofauti ikaonekana kubwa. Upande uliopimwa nyumba zimepangika, ni kubwa zaidi kwa eneo, zina uwezekano mkubwa wa kuwa za ghorofa, zina umeme, zina maji, vyoo bora, zinafikika kwa barabara. Wakajiuliza swali ambalo mtu yeyote wa mtaani angeuliza: si ni kwa sababu wenye hela na wasomi ndo walihamia huko? Wakaangalia elimu ya wakazi. Kweli upande uliopimwa umevuta wasomi zaidi kidogo, lakini hiyo tofauti ya elimu ni ndogo mno, haiwezi kubeba tofauti kubwa vile ya nyumba. Kitu kingine kinafanya kazi hapo, na wao wanasema ni ule mpangilio wenyewe na huduma zilizotangulia watu.

Nilivyosoma hiyo nikakumbuka kodi yangu. Prof alikuwa anacheka kitu cha maana.

Twende taratibu hapa maana ndo penye nyama. Kwa nini mistari ya mpimaji ya miaka ya 70 bado inaonekana angani leo wakati mabomba yaliyotandikwa kipindi kile mengi yalishaoza na lami ilishaisha na kurudiwa? Mimi nilivyozunguka na tepu na daftari nilichokiona ni kwamba bomba linaweza kufa ukavuta jingine, ila njia ya kupitisha bomba ikishajengwa nyumba huipati tena. Sinza hata kipindi ambacho barabara ilikuwa mashimo matupu ilikuwa bado ni barabara, hakuna aliyejenga juu yake, kwa hiyo hela ilipokuja, Shekilango ikatanuliwa, mitaa ya ndani ikawekwa lami, hakukuwa na mtu wa kulipwa fidia kila baada ya hatua tano. Tandale nako wamepata lami kupitia DMDP, ule mradi wa kuboresha miundombinu ya Dar, na Mto Ng'ombe ukajengewa kingo, nawapongeza, ila waulize waliokuwa wanafanya tathmini ya nyumba za kubomoa walikesha usiku mangapi. Hela ile ile, ila mita za barabara zinapungua.

Pili ni ile 288. Kiwanja cha mita 12 kwa 24 ni kidogo, wakati ule wakubwa walikiona ni cha kimaskini, lakini ni kidogo kilichonyooka. Kina kona nne na kila kona ina jiwe. Unaweza kukiuza nusu saa, unaweza kukichukulia mkopo, na ukitaka kupanda juu unapanda kwa sababu fundi anajua ukuta unaishia wapi. Leo kwenye hizo 288 utakuta apatimenti za ghorofa nne, gesti, supamaketi chini na saluni juu. Mipango ilisema nyumba ya familia, maisha yakasema fremu. Tena hapo sisi wa mipango miji tuna aibu yetu, maana ubadilishaji wa matumizi Sinza umeenda kiholela vile vile ndani ya viwanja vilivyonyooka, na maji taka yanayotoka kwenye hizo gesti yanaenda kwenye tenki lililochimbwa kwa ajili ya familia ya watu saba. Mvua za masika pita na mguu wako uone.

Sasa Manzese. Hapa ndo naomba watu wawe makini, kwa sababu nimeona huu utafiti ukinukuliwa ovyo kwamba "imethibitishwa kuboresha skwota hakufai." Hakuna kitu kama hicho. Waandishi wenyewe wamesema wazi kwamba kwa maeneo yaliyoboreshwa hawana cha kulinganisha nacho. Fikiria, ungeilinganisha Manzese na nini? Ungehitaji Manzese nyingine, iliyojaa vile vile mwaka 1974, ambayo haikuguswa. Haipo. Walichofanya ni kuangalia tu hali ilivyo wakaona maeneo yaliyoboreshwa leo hayana nafuu kuliko yale ya jirani yasiyopangwa, na kama kuna tofauti basi yako chini kidogo. Hayo ni maelezo, sio hukumu. Skwota haichaguliwi kwa bahati nasibu, inachaguliwa kwa sababu hali yake ilikuwa mbaya zaidi, kwa hiyo kuikuta bado ina hali mbaya hakukwambii kama dawa ilisaidia au la. Mgonjwa wa ICU ukimlinganisha na wa mafua utasema ICU inaua.

Halafu kuna kitu picha ya setilaiti haikioni, na hapa natofautiana na wale wachumi kidogo. Wao kipimo chao kimojawapo ni ukubwa wa nyumba kwa eneo, kingine ni kama nyumba zimeelekea upande mmoja na jirani zake. Sawa, ni vipimo safi, vinahesabika. Lakini nyumba ya Kiswahili ya Manzese yenye vyumba sita na korido katikati, wapangaji sita, jiko uani, inafanya kazi ambayo ghorofa la Sinza halifanyi. Inampokea kijana aliyeshuka na basi jana ana begi na namba ya binamu yake. Anapata chumba, kazi ya kubeba mizigo Kariakoo anaifuata kwa mguu au kwa daladala moja, na tangu mwendokasi ianze Mei 2016 ndo kabisa, kituo kipo hapo hapo Manzese. Huyo kijana Sinza hawezi. Mimi mwenye masta nilikuwa naihisi kila mwezi kwenye mfuko. Ukipima kwa jicho la juu Manzese ni vurugu, ukipima kwa idadi ya maskini waliopata pa kulala karibu na riziki, sijui kama Sinza inaifikia hata robo.

Ndo narudi kwa Kironde. Swali lake la nani kapata, huu utafiti wa 2021 haujalifuta, na hata haukujaribu. Ukisoma zote mbili pamoja picha inayokuja ni hii: ardhi iliendelea vizuri, mlengwa hakuwepo. Viwanja vilizaa thamani kubwa mno na thamani hiyo ikaenda kwa aliyekuwa na barua ya ofa, ambaye mara nyingi alikuwa mtumishi, mwenye anayemjua ofisini, au aliyeinunua baadaye kutoka kwa maskini aliyeona bora hela mkononi. Nilikutana na mama mmoja Tandale ambaye baba yake alipata kiwanja Sinza akakiuza kabla hajaweka hata msingi, akanunua nyumba ya vyumba vinne huku huku Tandale na akabakiwa na mtaji wa genge. Nilimwuliza kama wanajuta. Akaniangalia kama vile nimeuliza kitu cha ajabu, "Mwanangu, tulikula. Wote tulisoma." Nikaandika hiyo kwenye daftari na mpaka leo sijapata jedwali la kuiweka.

Kwa hiyo difensi yangu ilikuwaje. Nilibadilisha kichwa, nikaacha neno kufeli, nikaandika kuhusu namna kipimo na mwaka wa kupima vinavyobadilisha hukumu ya mradi. Mjumbe mmoja wa paneli alinibana kweli, akasema unataka kukaa katikati, hutaki kusema ndio wala hapana, utafiti lazima uwe na msimamo. Nilijibu vibaya kwa woga, ila nikiulizwa leo ningemwambia msimamo upo: kama swali ni je, kupima ardhi kabla ya watu kunalipa, jibu ni ndio, ushahidi wa Tanzania uko wazi kuliko wa nchi nyingi. Kama swali ni je, kunamfikia maskini, jibu ni hapana, labda ubuni njia ya kumlinda mpaka afikie kupiga bati. Na kama swali ni je, tuache kuboresha skwota, hapo hatuna ushahidi wa kusema hivyo, anayesema anao amesoma muhtasari akaacha kilichobaki.

Kuna jambo la kivitendo pia kwa mnaotaka kufanya tafiti za aina hii. Msianze na setilaiti. Anzeni na mpaka wa mradi, ile michoro ya mipango miji ya zamani, na hiyo kazi ni ya vumbi. Bila mstari wa kweli kwenye karatasi hakuna jirani wa kulinganisha naye. Mimi wiki tatu ziliishia kwenye masjala ya ofisi fulani, faili lipo, faili halipo, njoo kesho, aliyelichukua kaenda msibani, na nilipolipata nusu ya shiti zimeliwa na mchwa. Ramani za mtaani zimekuwa rahisi siku hizi, Tandale ilichorwa na wananchi wenyewe pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi mwaka 2011, halafu Ramani Huria ikaja 2015 wakachora kata nyingi zinazofurika, zote ziko wazi kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea, unapakua bure. Ya leo tunayo. Ya 1975 ndo inaliwa na mchwa, na bila hiyo ya leo haina wa kulinganishwa naye.

Na huu mjadala haujazeeka kama mnavyodhani. 2002 wizara ya ardhi ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa Dar, Kibada, Toangoma, Mbweni, Bunju, Buyuni na kwingine, vilivyopimwa vikazidi hata hiyo idadi. Hazina ndo ilitoa mtaji kwa mkopo, mauzo ya viwanja yarudishe, kwa hiyo angalau somo la marejesho walilishika. Ila huduma safari hii zilibaki nyuma, ilichongwa barabara ya udongo na maji yakaachwa yatafute njia yenyewe, na bei ya kiwanja tangu siku ya kwanza haikuwa ya mbeba mizigo wa Kariakoo, hakuna hata aliyejifanya. Nimeshasoma ripoti na tasnifu kadhaa zinazosema umefeli, viwanja vimelala, walionunua wanasubiri bei ipande.

Mwezi uliopita nilienda Buyuni kumsindikiza rafiki anayetafuta kiwanja. Dalali alitupitisha mtaa mzima, barabara imenyooka unaona mpaka mwisho, kushoto nyumba mbili zina watu, kulia vichaka, mbuzi wamefungwa kwenye jiwe la mpaka. Rafiki yangu akasema huku hapakaliki. Mimi nikachuchumaa kuangalia namba ya jiwe kama bado inasomeka. Inasomeka.